Barabara ya Kusini na Sisi wa Mohoro



Siku hizi ukitoka Mbagala Rangi Tatu na basi la alfajiri, jua halijawa kali umeshapita Mkuranga, Kimanzichana, Bungu na Kibiti. Ikwiriri mnasimama kidogo, watu wananunua karanga na samaki wa kukaanga, kisha basi linapanda Daraja la Mkapa na mto unaonekana chini, mpana, wa rangi ya udongo. Watoto wetu waliozaliwa mjini hawainui hata kichwa kutoka kwenye simu. Kwao kuvuka Rufiji ni jambo la dakika moja.

Sisi tuliozaliwa kabla ya daraja tunajua dakika hiyo iligharimu nini. Ndiyo sababu, nilipoombwa niandike ukurasa wa historia katika kijitabu cha mwaka huu, nimechagua barabara. Ukiifuata tangu ilipokuwa njia ya miguu hadi leo ikiwa lami, utaona jambo moja linalotuhusu sana. Mohoro ilikuwa njiani, tena mahali pa heshima, kisha njia ikatusogea mbali. Barabara kuu imekamilika, lakini kipande kinachotufikisha mlangoni kwetu bado.

MOHORO ILIPOKUWA NJIANI

Kabla ya gari, barabara yetu kuu ilikuwa maji. Mpunga wa bondeni ulishuka kwa mitumbwi hadi kwenye delta, ukapakiwa majahazini kwenda Unguja. Boriti za mikoko zilikatwa huko huko delta na kusafirishwa mbali zaidi. Aliyekwenda kwa miguu alifuata njia ya pwani inayounganisha Dar es Salaam na Kilwa. Mohoro ilikaa pale njia hizo mbili zilipokaribiana, ya mto na ya miguu.

Wajerumani waliliona hilo upesi, wakaweka boma lao Mohoro. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wao, mambo ya Rufiji yaliamuliwa hapa kwetu. Kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898, ililetwa hapa, na kesi zilisikilizwa hapa. Asiye na rupia alilipa kwa jasho, na sehemu ya jasho hilo iliingia katika kufyeka na kutengeneza njia. Kuanzia mwaka 1902 likaongezeka shamba la pamba la kulazimishwa, watu wakaacha mpunga wao wakati wa palizi kwenda kulima pamba isiyo yao. Kwa hiyo njia za kwanza za serikali katika nchi yetu hazikujengwa kwa saruji. Zilijengwa kwa jembe na panga la babu zetu, chini ya kiboko.

NJIA ZA NGARAMBE

Lakini njia ni chombo kisichochagua mwenyewe. Hiyo hiyo iliyobeba kodi ilibeba pia habari za kuikataa kodi.

Kinjikitile Ngwale alikuwa Ngarambe, magharibi ya hapa kwetu. Watu walimwendea kutoka Umatumbi, Kichi, bonde la Rufiji na mbali zaidi, makundi kwa makundi, wakachukua maji yake na mafunzo yake wakarudi nayo makwao. Hapakuwa na gari wala redio. Neno lilitoka mdomo hadi mdomo, kijiji hadi kijiji, kwa njia za miguu zilizopita nyuma ya mashamba, mbali na macho ya maakida. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na vita vikaanza. Mwisho wa mwezi huo Somanga, wakati ule ikiandikwa Samanga, ilichomwa moto.

Kinjikitile alikamatwa na kuletwa Mohoro. Tarehe 4 Agosti 1905 alinyongwa hapa. Simulizi za wazee zilizokusanywa na wanahistoria miaka ya 1960 zinasema kwamba kabla ya kufa aliwaambia Wajerumani kuwa wamechelewa, kwa maana dawa yake ilikwisha kufika Kilosa na Mahenge. Vita vilipoenea hadi Ungoni ndipo ilipoonekana kuwa njia za miguu zilikwenda kasi kuliko walivyodhani wenye boma.

Tunajua yaliyofuata. Mashamba yalichomwa, njaa ikaingia, vijiji vikabaki mahame. Nayo boma la Mohoro halikudumu. Makao ya wilaya yalihamishiwa Utete, juu zaidi ya mto, na Waingereza walipokuja wakaendelea kutawala kutoka huko huko. Hapo ndipo njia ilipoanza kutuacha kidogo kidogo, maana penye ofisi ndipo barabara inapotengenezwa kwanza.

MIZIGO KICHWANI

Vita Kuu ya Kwanza vilipofika, Rufiji ilijulikana duniani kwa sababu ya meli moja. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika delta yetu mwaka 1914, ikashambuliwa na Waingereza na mwisho ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 11 Julai 1915. Vitabu vingi vinaishia hapo, lakini kwa mtu anayeuliza habari za barabara, kisa ndipo kinapoanza.

Mizinga kumi mikubwa ya meli hiyo iliopolewa na kupelekwa Dar es Salaam ili itumike vitani nchi kavu. Hapakuwa na reli wala barabara ya magari kati ya delta na Dar es Salaam. Mizinga ilivutwa kwa kamba, na waliovuta ni watu. Walipita tope, mchanga na vijito kwa mabega yao.

Baadaye ikaja zamu ya Waingereza. Mwaka 1917 mapigano yalifika bonde la Rufiji na mvua kubwa ikawakuta humo. Chakula na risasi za majeshi vilibebwa na wapagazi, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi kuliko waliokufa kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam, tunapokwenda kununua vitenge na vyombo, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Kila unaposhuka Kariakoo, kumbuka kuwa wapo wa kwetu waliokuwa barabara kabla barabara haijakuwepo.

KWA NINI KUSINI ILISAHAULIWA

Wengi huuliza: iweje barabara ya kwenda Mbeya na ya kwenda Arusha zipate lami mapema, na yetu ichelewe miaka mingi hivyo?

Jibu la kwanza ni bahari. Kwa wakoloni, Kilwa, Lindi na Mtwara zilikuwa miji ya meli. Hata Waingereza walipoanzisha mradi mkubwa wa karanga Nachingwea baada ya mwaka 1946, walijenga bandari Mtwara na reli ya kwenda bara. Hawakuhitaji kuiunganisha Kusini na Dar es Salaam kwa gari. Mradi ulipokufa, reli nayo ikang'olewa mapema miaka ya 1960, na barabara haikubaki.

Jibu la pili ni siasa za nchi jirani. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilifungiwa njia zake za kusini. Tanzania ilielekeza nguvu magharibi: barabara kuu ya kwenda Zambia, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Ilikuwa kazi ya kindugu na ya haki. Wakati huo huo mikoa ya Kusini ilikuwa mpakani mwa vita vya ukombozi wa Msumbiji, ikipokea wakimbizi na wapiganaji. Kusini ilichangia uhuru wa wengine, lakini lami yake ikasubiri.

Jibu la tatu ni mto wenyewe. Kutoka Dar es Salaam lami ilifika Kibiti, kiasi cha kilomita 140, ikakoma. Mbele yake kulikuwa na udongo mweusi wa bonde, na Rufiji, mto mkubwa kuliko yote nchini, unaobadilisha njia zake kila upendapo.

KUHAMIA BARABARANI

Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya. Baada ya mafuriko hayo Serikali iliamua kuwahamisha watu wa bondeni wakae mahali palipoinuka, katika vijiji vilivyopangwa. Rufiji ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kuhamishiwa vijijini kwa operesheni, miaka kadhaa kabla ya ile iliyoikumba nchi nzima.

Wazee wetu walikuwa na ujuzi wao wa kuishi na maji. Walijenga madungu juu ya nguzo, wakalinda mpunga usiku, na maji yalipopungua wakapanda mlao katika udongo wenye unyevu. Kwao mafuriko ya kawaida yalikuwa mbolea, si msiba. Kuhamishwa kuliwapa shule, zahanati na visima, hilo halina ubishi. Lakini kuliwatenga na mashamba, ikawa lazima kutembea mwendo mrefu kwenda bondeni au kuacha kulima huko kabisa.

Tangu hapo, mtu akipima maendeleo anapima umbali wake na barabara. Ikwiriri ilikua, Kibiti ikakua hadi leo ni makao ya wilaya yake yenyewe. Huku kwetu barabara kuu ya magari ilishika upande wa juu, kupitia Nyamwage kuelekea Somanga. Mohoro, iliyokuwa na boma kabla ya wote, ikawa mahali pa kuingilia kwa njia ya pembeni.

PANTONI YA NDUNDU

Waliopita Ndundu kabla ya mwaka 2003 hawahitaji kusimuliwa. Nawaandikia vijana.

Magari yalipanga foleni ukingoni kungoja pantoni. Foleni ikiwa fupi ulivuka siku hiyo hiyo. Mto ukijaa, pantoni ilifungwa, na hapo safari ikageuka maisha. Akina mama walipika wali na maharage kando ya malori. Watu walilala juu ya magunia. Walikuwepo waliofunga ndoa wakachelewa harusi yao wenyewe, na waliokwenda kuzika wakakuta arobaini.

Nakumbuka nikiwa mdogo, nimekaa na bibi yangu ng'ambo ya Ikwiriri siku mbili, mfuko wa nazi na kuku watatu miguuni mwetu. Kuku mmoja alitoroka, tukamla yule wa pili kwa njaa, na wa tatu ndiye aliyefika Mohoro. Bibi alikuwa akitazama maji anasema, "Mto huu haukatai mtu, unamwambia asubiri." Nilicheka wakati ule. Nilipokua nikaelewa kuwa mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri.

Na hata ukivuka, safari haikuwa imekwisha. Kutoka Ndundu hadi Somanga masika yaliifanya barabara kuwa tope la kufikia magotini. Abiria walishuka kusukuma basi, wakapanda wakiwa hawatambuani. Kwa miezi kadhaa kila mwaka mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa kama kisiwa. Aliyeweza alipanda meli. Miaka ya 1990 jina lililovuma lilikuwa Canadian Spirit. Sisi wa Mohoro hatukuwa na bandari ya meli wala lami. Tulikuwa na miguu, mtumbwi na subira.

BORITI ZILIZORUDI

Daraja la Mkapa lilifunguliwa na Rais Benjamin Mkapa mwenyewe, mwana wa Kusini, tarehe 2 Agosti 2003. Lina urefu wa karibu mita 970. Fedha zake zilitoka Serikalini pamoja na mikopo ya Mfuko wa Kuwait na Mfuko wa OPEC.

Jina la Kuwait linafaa kutusimamisha kidogo. Kwa vizazi vingi majahazi makubwa ya Kuwait yalikuja na kaskazi hadi delta yetu kupakia boriti, kwa kuwa nchi yao haina miti ya kujengea. Mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na mabaharia wa Kuwait mwaka 1939 akafika nao hadi delta ya Rufiji, akaandika jinsi kazi ya kukata na kupakia mikoko ilivyokuwa ngumu. Nyumba za zamani za Kuwait zilikuwa na dari zilizobebwa na boriti za Afrika Mashariki. Kisha mafuta yakapatikana huko, saruji ikachukua nafasi ya boriti, majahazi yakaacha kuja. Miaka ikapita, na sehemu ya utajiri wa mafuta ikarudi Rufiji kama mkopo wa kujenga daraja. Sisemi walikuwa wanalipa deni. Mkopo ni mkopo, nasi tunaurudisha. Nasema tu kwamba mikoko yetu ilibeba dari za watu kabla fedha zao hazijabeba magari yetu.

KILOMITA SITINI

Baada ya daraja, kikabaki kipande maarufu: Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, nacho kwa fedha za Serikali, Kuwait na OPEC. Kilomita 60 katika barabara ya zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara si nyingi. Lakini kazi ilichelewa mwaka baada ya mwaka, na kipande hicho kikawa kisingizio cha kila msafiri aliyechelewa. Lami ilikamilika katikati ya miaka ya 2010.

Mambo yakabadilika kwa kasi. Safari iliyokuwa ya siku kadhaa ikawa ya siku moja, Dar es Salaam hadi Mtwara. Bomba la gesi asilia kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015. Mwaka huo huo kiwanda cha saruji cha Dangote kilifunguliwa Mtwara, na malori yake yakaanza kupishana na ya korosho usiku na mchana. Mwanzo wa barabara, pale Dar es Salaam inapoitwa Barabara ya Kilwa, ilipanuliwa, na njia za mwendokasi zikajengwa kutoka mjini hadi Mbagala, kiasi cha kilomita 20.

Faida tumeiona. Mkulima wa ufuta anapata bei ya leo kwa simu, si ya mwezi uliopita kwa mdomo wa mchuuzi. Samaki wa delta wanafika Dar es Salaam wakiwa na barafu. Mwanafunzi anakuja likizo. Lakini barabara hiyo hiyo imechukua vijana wetu wengi, na nyumba nyingi za Mohoro zimebaki na bibi na wajukuu. Njia hupeleka pande zote mbili.

MAJI YAMEKUMBUKA NJIA YAO

Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifurika. Mashamba yalizama, nyumba zikaanguka, maelfu ya watu wakahama, na Mohoro ilikuwa miongoni mwa walioumia. Mapema Mei kikaja Kimbunga Hidaya na mvua zake. Barabara kuu ikakatika kwenye makalvati na madaraja ya upande wa Somanga, wilayani Kilwa. Kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikawa tena kisiwa, kama enzi za pantoni. Malori yakapanga foleni, na akina mama wakapika kando yake.

Kumbe lami haikuyashinda maji. Iliyaomba tu ruhusa, na mwaka ule yakakataa.

Katika mafuriko hayo, mama mmoja wa ukoo wetu alishikwa na uchungu usiku. Bodaboda ilimbeba hadi ilipokutana na maji, ikaishia hapo. Walimpakia mtumbwini, kijana mmoja akashika pondo, mwingine akashika taa ya simu. Barabara ya lami, yenye magari ya kumfikisha hospitali, ilikuwa ng'ambo ile, wanaiona taa zake. Mtoto alizaliwa ndani ya mtumbwi. Wote wawili ni wazima, Alhamdulillah, na mtoto sasa anakimbia. Lakini nani kati yetu yuko tayari kuweka ndoa ya binti yake rehani kwa bahati ya namna ile?

KIPANDE CHETU

Historia niliyoieleza ina somo moja. Kila aliyejenga barabara hii aliijenga kwa haja yake. Mjerumani alitaka kodi na pamba, majeshi yalitaka mizinga ipite, na Taifa lilitaka kuunganisha mikoa yake, jambo jema kwetu sote. Lakini katika wote hao hakuna aliyeanza na swali la jinsi mtu wa Mohoro atakavyotoka mlangoni kwake wakati wa masika. Swali hilo ni letu. Tusipoliuliza sisi, halina mwenyewe.

Madaraja makubwa na lami ni kazi ya Serikali, na tutaendelea kudai kwa adabu na bila kuchoka. Ila kuna mambo ambayo hayangoji zabuni: kusafisha mitaro kabla ya vuli, kujaza mawe sehemu zinazokatika kila mwaka, kuwa na mtumbwi imara na mashine yake unaojulikana ni wa wagonjwa, na mtu anayeujua mto wa kuuendesha usiku. Katika kurasa zinazofuata mtaona kazi za mwaka huu na hesabu zake. Zisomeni, mziulize maswali, kisha mchangie kwa kadiri mlivyojaliwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Babu zetu walichangia barabara ya Kusini kwa kulazimishwa, kwa mabega na kwa roho zao, wala haikuwafikisha kwao. Sisi tunaombwa tuchangie kwa hiari, na safari hii njia inakwenda nyumbani.